Kasi ya Prosesa na Matumizi ya Umeme katika Kompyuta ya Kuunganisha Mwenyewe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyenunua prosesa, ubao mama, pawasaplai na kasha kimoja kimoja, pengine katika maduka tofauti, akaviunganisha mwenyewe au kwa msaada wa fundi, kisha akakuta kwamba kasi anayoiona kwenye skrini hailingani na ile iliyoandikwa kwenye boksi. Kompyuta ya kiwandani hupimwa ikiwa kitu kizima kabla ya kuuzwa, lakini ya kuunganisha haina wa kuipima isipokuwa mwenye nayo. Kwa sababu hiyo, karibu kila jibu linaanzia mahali pamoja: jua kwanza ni kikomo kipi kinachoizuia prosesa, ndipo uguse mpangilio wowote.

Boksi linasema gigahezi 4.4. Kwa nini mimi naona 2.5, mara nyingine hata 0.8?

Boksi hutaja kasi mbili, na wauzaji wengi huisoma ile kubwa peke yake. Chukua Intel Core i5-12400, ambayo imeenea sana katika kompyuta za bei ya kati: kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.5, na kasi yake ya juu kabisa ni gigahezi 4.4. Kasi ya msingi ni ile ambayo mtengenezaji anaihakikisha prosesa inapofanya kazi mfululizo ndani ya wati 65. Kasi ya 4.4 hupatikana pale ambapo kiini (core, yaani kitengo cha prosesa kinachofanya kazi) kimoja au viwili ndivyo vyenye kazi. Viini vyote sita vinapofanya kazi kwa pamoja, kilele chake ni gigahezi 4.0. Kwa hiyo anayehariri video na kuona 4.0 kwenye viini vyote hajapunjwa kitu.

Ile 0.8 nayo ni kasi ya mapumziko. Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya msingi ya megahezi 100 kwa kizidishi, na pasipokuwa na kazi kizidishi hushuka hadi 8 ili kuokoa umeme na kupunguza joto. Kompyuta iliyotulia inayoonyesha megahezi 800 ni nzima. Tatizo lipo pale tu inapobaki hapo hapo wakati kazi imekwisha kuanza.

Ni nani hasa anayeamua kasi ya prosesa kwa wakati fulani?

Ni watatu kwa pamoja: BIOS ya ubao mama (programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows au Linux), mfumo endeshi, na prosesa yenyewe. Utaratibu wa mfumo endeshi kusimamia umeme wa kompyuta uliwekwa katika kiwango kiitwacho ACPI, ambacho Intel, Microsoft na Toshiba walikitoa mwaka 1996. Kwa miaka mingi mfumo endeshi ndio uliochagua kasi kutoka katika orodha fupi ya ngazi zilizotangazwa na BIOS, na huo ndio msingi wa SpeedStep ya Intel na Cool'n'Quiet ya AMD. Tangu prosesa za Skylake za mwaka 2015, Intel iliingiza Speed Shift, ambayo huiachia prosesa yenyewe uamuzi mwingi, huku mfumo endeshi ukitoa dokezo tu kama unataka kasi au uchache wa umeme. AMD ilifikia mpango unaofanana na huo katika kizazi cha Zen 2 mwaka 2019. Faida yake ni kwamba kasi hupanda ndani ya milisekunde chache, kabla mtumiaji hajahisi kusubiri.

Hili lina maana kubwa kwa anayetafuta hitilafu. Ukizima Speed Shift ndani ya BIOS kwa kudhani kwamba unaondoa kizuizi, kwa kweli unamwondoa msimamizi mwepesi na kumrudisha yule mzito.

Nipime kwa programu gani, na niangalie nini?

Kwa Windows, HWiNFO64 ndiyo ninayoipendekeza kwa sababu inaonyesha mambo yote ya lazima katika dirisha moja, na inaeleza iwapo kikomo cha joto, cha umeme au cha mkondo kimefikiwa. CPU-Z inafaa kwa kuthibitisha aina ya prosesa na kumbukumbu (RAM). Kwa kuipa prosesa mzigo, tumia Cinebench. Prime95 ni kali zaidi na haifanani na kazi za kawaida, kwa hiyo matokeo yake yasikutie hofu bure. Kwa Linux, turbostat na cpupower zinatosha.

Andika takwimu tatu: kasi ya viini, joto la prosesa, na wati zinazotumika. Zichukue kompyuta ikiwa imetulia, halafu ikiwa chini ya mzigo wa viini vyote kwa dakika kumi au zaidi, kwa kuwa dakika ya kwanza haielezi lolote kuhusu hali ya kudumu. Katika HWiNFO64 pendelea safu yenye jina “Effective Clock”, ambayo huhesabu pia muda ambao kiini kilikuwa kimelala. Kidhibiti kazi cha Windows ni cha kutupia jicho tu, kwani hutoa wastani wa jumla na kuficha kiini kinachosuasua.

Prosesa imekwama kwenye megahezi 800 hata ninapoipa kazi nzito. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kumbukumbu za matukio za Windows (Event Viewer). Ukikuta tukio namba 37 kutoka Kernel-Processor-Power, linalosema kwamba kasi ya prosesa inawekewa kikomo na BIOS, basi acha kubadilisha mipangilio ya Windows, maana amri inatoka chini yake. Usipolikuta, fungua mipangilio ya umeme na uhakikishe kwamba kipengele cha “Maximum processor state” kiko asilimia 100. Kuna programu za “kuharakisha kompyuta” na mipangilio ya kuokoa umeme inayokishusha bila mwenye kompyuta kujua.

Ikiwa amri inatoka chini, mara nyingi chanzo ni ishara iitwayo PROCHOT. Ishara hii inaweza kutolewa na prosesa yenyewe inapofikia joto lake la mwisho, au na ubao mama unapogundua kwamba VRM, yaani sakiti inayoshusha volti 12 hadi volti moja na kitu inayotakiwa na prosesa, imepata joto kupita kiasi. Ishara ikiwaka, prosesa hushusha kasi bila kuuliza. Kwa hiyo zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, ufungue kasha na ukague kwa utaratibu huu.

Kagua kwanza waya wa umeme wa prosesa, ule wenye pini nne au nane unaoingia pembeni mwa ubao mama karibu na prosesa. Usukume mpaka usikie kidude chake cha kufungia kikilia. Kompyuta inaweza kuwaka huku waya huu ukiwa umeingia nusu, kisha ikasumbua mzigo unapozidi. Waya wa pini nne katika tundu la pini nane huitosheleza prosesa ndogo, lakini kwa prosesa inayovuta zaidi ya wati 100 ningetaka pini zote nane. Hapa lipo onyo ambalo halina mjadala: waya wa pini nane wa kadi ya michoro si waya wa prosesa, hata kama vinafanana kwa umbo, kwani pande za volti 12 na za ardhi zimegeuzwa. Vilevile usichukue waya za pawasaplai moja ukazichomeka kwenye pawasaplai ya modeli nyingine, kwa sababu mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hauna kiwango cha pamoja, na kosa hilo huunguza ubao mama au diski kwa mara moja.

Kisha angalia kipoza joto. Feni inazunguka? Skurubu zote nne zimekazwa sawasawa? Karatasi ya plastiki iliyobandikwa chini yake kiwandani iliondolewa? Kama ni kipoza joto cha maji, pampu imechomekwa na inatoa mizunguko? Prosesa inayofika nyuzijoto 100 ndani ya sekunde chache tangu ilipopewa mzigo karibu kila mara ina tatizo la mgusano kati yake na kipoza joto, wala si la feni kuwa ndogo.

Vyote vikiwa sawa, rudisha BIOS katika mipangilio ya awali kwa kutoa betri ya CR2032 kwa dakika kadhaa au kwa kutumia pini za kufuta kumbukumbu za CMOS (mahali mipangilio ya BIOS inapohifadhiwa), kisha sakinisha toleo jipya la BIOS kutoka kwa mtengenezaji wa ubao. Toleo la zamani lisiloifahamu prosesa ya kizazi kipya linaweza kuiwasha na bado likashindwa kuiongoza. Watu wengine hukimbilia programu ya ThrottleStop na kuzima ishara ya PROCHOT inayotoka nje ya prosesa. Njia hiyo inasaidia kuthibitisha chanzo, lakini kuiacha hivyo moja kwa moja kwenye ubao ambao VRM yake inaungua kweli ni kuukata waya wa king'ora huku moto unaendelea.

Inafika kasi nzuri kwa nusu dakika, halafu inashuka na kubaki chini. Je, imeharibika?

Hapana. Prosesa za Intel zina vikomo viwili vya umeme. Cha kwanza ni cha muda mrefu na cha pili ni cha muda mfupi, na kati yao kuna kipimo cha muda ambacho mara nyingi huwa sekunde 28 au 56. Kwa i5-12400 vikomo hivyo ni wati 65 na wati 117. Kazi inapoanza, prosesa inaruhusiwa kufika 117, na muda ukiisha hurudishwa 65, nayo kasi hushuka kulingana na umeme uliobaki. Wenye ubao wa bei nafuu huiona hali hii mara kwa mara, kwa kuwa watengenezaji wa mbao za bei ya juu huacha kikomo cha kwanza kikiwa juu tangu kiwandani.

Kwa AMD vikomo vinaitwa kwa majina mengine, na kile cha umeme wote unaoingia kwenye soketi kinaitwa PPT. Prosesa ya soketi ya AM4 iliyoandikwa wati 105, kama Ryzen 7 5800X, ina PPT ya wati 142. Ryzen 9 7950X ya AM5, iliyoandikwa wati 170, inaruhusiwa wati 230. Namba iliyo kwenye boksi basi si umeme wa juu kabisa, na anayenunua kipoza joto au pawasaplai kwa kuitegemea hiyo peke yake atajikuta amepungukiwa.

Je, uongeze kikomo cha muda mrefu? Ongeza ikiwa kipoza joto chako kinalimudu joto la ziada na VRM ya ubao wako ina vibamba vya kupozea. Mbao nyingi za bei nafuu, za H610 (Intel) na A320 (AMD), zina VRM iliyo wazi bila kibamba chochote. Kwa ubao wa namna hiyo, kikomo cha wati 65 ndicho kinachoulinda, na ningeomba kiachwe kilivyo.

Joto la kiasi gani ni kubwa mno?

Inategemea prosesa, na hapa ndipo ushauri wa mitandaoni huwapoteza wengi, kwa maana namba moja hutolewa kwa prosesa zote. Kikomo cha i5-12400 ni nyuzijoto 100, cha Ryzen 7 5800X ni 90, na cha Ryzen 7 7800X3D ni 89. Prosesa kubwa za Ryzen 7000 zilibuniwa zifanye kazi kwenye nyuzijoto 95 chini ya mzigo mzito. Zitapanda kasi mpaka zifike hapo, kisha zitajiweka sawa, na kuona 95 kwenye 7950X wakati wa Cinebench si dalili ya ugonjwa. Kwa prosesa nyingine, ningeanza kuchunguza mzigo wa kudumu unapokaribia nyuzijoto kumi chini ya kikomo.

Jambo ambalo mapitio ya kigeni huliacha ni joto la chumba. Kipoza joto hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayoingia. Kinachoweza kufanya ni kuizuia isipande sana juu ya hewa hiyo. Kipoza joto kilichopimwa katika chumba cha nyuzijoto 21 kikaiweka prosesa kwenye 75, kitaiweka kwenye 86 hivi katika chumba cha nyuzijoto 32, hali ya kawaida kabisa Dar es Salaam au Mombasa mwanzoni mwa mwaka. Nyuzijoto kumi na moja ndizo zinazotenganisha prosesa inayokimbia kwa raha na ile inayopunguziwa kasi. Anayeishi pwani anunue kipoza joto cha daraja moja juu ya kile kinachopendekezwa, na achague kasha lenye uso wa wavu badala ya kioo kilichoziba mbele.

Hewa ya bahari nayo huleta unyevu na chumvi, na vumbi linaposhika unyevu hugandamana kati ya mapezi ya kipoza joto kiasi kwamba kupuliza peke yake hakutoshi. Shika feni isizunguke unapopuliza, tumia brashi laini, na ubadilishe pesti ya joto kila unapokiondoa kipoza joto mahali pake. Hakikisha pia mwelekeo wa feni za kasha: za mbele ziingize hewa, za nyuma na juu zitoe. Nimekuta mashine zenye feni sita zote zikitoa hewa nje.

Nichague mpangilio gani wa umeme katika Windows?

Ule wa wastani, wenye jina “Balanced”, kwa karibu kila mtu. Kwenye prosesa za kisasa unaruhusu kasi ya juu ileile kama ule wa utendaji wa juu. Tofauti iko katika mapumziko, kwani mpangilio wa utendaji wa juu huishikilia prosesa isishuke hata isipokuwa na kazi. Mpangilio wa “Ultimate Performance”, ulioongezwa katika Windows 10 mwaka 2018, ulikusudiwa vituo vizito vya kazi, na kwa kompyuta ya nyumbani utaongeza joto na bili ya umeme kuliko utakavyoongeza kasi.

Ili kujua mpangilio unaotumika, andika powercfg /getactivescheme katika dirisha la amri. Amri ya powercfg /energy hukaa dakika moja ikichunguza, kisha hutoa ripoti ya programu na vifaa vinavyoinyima kompyuta usingizi. Ukishusha kiwango cha juu cha prosesa hadi asilimia 99, turbo (kule kupanda juu ya kasi ya msingi) hufungwa na prosesa haivuki kasi yake ya msingi. Huo ni ujanja wa muda unaofaa feni inapokufa na duka limefungwa.

Linux inaniambia prosesa iko kwenye “powersave”. Nibadilishe?

Kama kiendeshi kinachotumika ni intel_pstate, au amd_pstate katika hali yake ya active, hapana. Jina linatisha kuliko jambo lenyewe: katika viendeshi hivyo, powersave huipandisha prosesa mpaka kilele kulingana na mzigo. Maana ya kubaki kwenye kasi ya chini kabisa ni ya kiendeshi cha zamani, acpi-cpufreq, na humo ndimo schedutil au ondemand, zinazopandisha kasi kulingana na mzigo, zinapofaa zaidi. Soma faili la scaling_driver na la scaling_governor ndani ya /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq kabla ya kuamua. Mwenye Ryzen ya Zen 2 au zaidi ambaye bado anaona acpi-cpufreq atumie kernel (sehemu kuu ya Linux) mpya na awashe CPPC, njia ya prosesa na mfumo endeshi kukubaliana kasi, ndani ya BIOS, kwani amd_pstate iliingia kuanzia kernel 5.17.

Je, kuzima C-states ndani ya BIOS kunaongeza kasi?

Ushauri huu umezagaa sana, na kwa kawaida unaharibu kuliko kujenga. C-states ni ngazi za usingizi wa viini visivyo na kazi. Viini hivyo vinapolala, umeme na nafasi ya joto vinavyookolewa hupewa kile kiini kinachofanya kazi, nacho hupanda hadi kasi ya juu kabisa. Ukivizuia visilale, unaweza kukikosa kilele kile unachokitafuta.

Kuna hali mbili ambamo kuzigusa kuna sababu. Prosesa za Haswell za mwaka 2013 zilileta usingizi mzito kiasi kwamba pawasaplai za zamani, zisizoweza kufanya kazi mkondo wa volti 12 unaposhuka mno, zilijizima au kuyumba. Aliyefunga Haswell kwenye pawasaplai kuukuu anaweza kuzima C6 na C7, ngazi hizo za usingizi mzito, mpaka apate nyingine. Hali ya pili ni Ryzen za kizazi cha kwanza zinazoganda zikiwa zimetulia bila kazi. Kwa hizo, tafuta katika BIOS kipengele cha “Power Supply Idle Control” na uchague “Typical Current Idle”, bila kuzima usingizi wote.

Kompyuta inajizima au kujiwasha upya ninapoipa mzigo. Ni prosesa?

Mara nyingi ni umeme. Tukio namba 41 la Kernel-Power katika Windows linaeleza tu kwamba kompyuta ilizimika bila utaratibu, na halitaji sababu. Kwa hiyo lisichukuliwe kama hukumu juu ya pawasaplai. Makosa ya WHEA (ripoti za Windows za hitilafu za vifaa) yakiandamana nalo, mtuhumiwa ni prosesa, volti yake au kumbukumbu. Pasipo hayo, geukia pawasaplai.

Soma kibandiko chake. Achana na namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi na utafute ampea za mstari wa volti 12, uzizidishe kwa 12. Pawasaplai iliyoandikwa wati 500 lakini yenye ampea 20 kwenye volti 12 inatoa wati 240 mahali ambapo prosesa na kadi ya michoro zinakula. Prosesa ya wati 142 na kadi ya michoro ya wati 170 tayari zimeipita. Pawasaplai zinazokuja bure ndani ya kasha ndizo zinazodanganya kwa namna hii zaidi, na katika kompyuta nzima hiki ndicho kifaa ambacho singekubali kubania fedha.

Tanzania umeme wa majumbani ni volti 230, na Kenya ni 240. Pawasaplai nzuri ya kisasa hupokea kuanzia volti 100 hadi 240 bila kubadilishwa chochote. Zile za zamani zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua 115 au 230. Ikiachwa kwenye 115, pawasaplai hulipuka mara tu inapowashwa. Umeme unapokatika kwa kufumba na kufumbua, pawasaplai bora huihimili kompyuta kwa takriban milisekunde 16 chini ya mzigo kamili, nayo UPS inapaswa kushika ndani ya muda huo. UPS iliyoandikwa VA 650 mara nyingi hutoa chini ya wati 400, kwa hiyo ilinganishe na wati halisi za kompyuta pamoja na skrini. Baadhi ya pawasaplai zenye PFC hai (sakiti inayorekebisha namna pawasaplai inavyovuta umeme) hazielewani na UPS za bei nafuu zinazotoa mawimbi ya mraba. Dalili yake ni kompyuta kuzimika kila UPS inapochukua zamu, na tiba yake ni UPS ya mawimbi laini.

Nina Core i9 ya kizazi cha 13 au 14 na programu zinajifunga zenyewe. Nifanye nini?

Sakinisha BIOS mpya leo, kabla ya jaribio lingine lolote. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba prosesa za mezani za vizazi hivyo viwili zilikuwa zikiomba volti ya juu kupita kiasi katika hali fulani, na kwamba volti hiyo huzichakaza kidogo kidogo. Marekebisho yalitolewa kupitia maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa yanayokuja na BIOS) 0x129 mwezi Agosti mwaka huo, yakafuatwa na 0x12B, na dhamana ya prosesa za boksi ikaongezwa miaka miwili. Maikrokodi huzuia uchakavu mpya, lakini hairudishi prosesa iliyokwisha kuathirika. Hiyo iombewe nyingine kwa dhamana. Katika BIOS chagua mipangilio ya Intel yenyewe badala ya ile ya mtengenezaji wa ubao, na ufanye usasishaji kompyuta ikiwa kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ubao unaweza kufa.

Wenye Ryzen 7000 za X3D nao wana sababu ya kusasisha: mwaka 2023, baada ya prosesa kadhaa kuungua, AMD iliwataka watengenezaji wa mbao waizuie volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu) isivuke 1.3.

Naweza kupunguza umeme bila kupoteza kasi inayoonekana?

Unaweza, na kwa anayetumia sola au jenereta hili lina thamani kuliko kuongeza kasi. Umeme wa prosesa hukua kwa kasi ikizidishwa na mraba wa volti, na gigahezi za mwisho ndizo zinazodai volti nyingi kuliko zote. Ukikata kilele kidogo, wati hushuka sana. AMD ina Eco Mode, ambayo huirudisha prosesa ya wati 105 kwenye daraja la wati 65, yenye PPT ya wati 88. Katika kazi za kiini kimoja tofauti ni ndogo mno, ingawa kazi ndefu za viini vyote hupungua kwa kiasi kinachopimika. Kwa Ryzen 5000 na zinazofuata, Curve Optimizer huruhusu kushusha volti kiini kwa kiini. Anza na hasi 10 kwenye viini vyote, uitumie kompyuta siku kadhaa ikiwa na kazi na ikiwa imetulia, ndipo ushuke zaidi, kwa kuwa volti ndogo mno mara nyingi huangusha kompyuta wakati wa utulivu. Kwa Intel, kushusha kikomo cha wati ndani ya BIOS ndiyo njia salama zaidi.

Kasi ya kumbukumbu inahusika?

Ndiyo. Moduli za DDR4 zilizouzwa kama 3200 huanza kwenye 2133 au 2400 mpaka uwashe XMP, mpangilio unaozipa kasi yao iliyotangazwa, ndani ya BIOS, na kwa DDR5 za AMD jina lake ni EXPO. Kwenye ubao wenye matundu manne, moduli mbili ziwekwe kwenye tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ili njia zote mbili zitumike.

Kila asubuhi saa imerudi nyuma na mipangilio ya BIOS imepotea.

Badilisha betri ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama. Ni volti 3 ikiwa mpya, nayo huisha mapema kwenye kompyuta inayochomolewa ukutani kila usiku.

Kompyuta inaamka yenyewe usiku, au hailali kabisa.

Amri ya powercfg /lastwake hutaja kilichoiamsha mara ya mwisho, na powercfg /requests hutaja kinachoizuia kulala sasa hivi. Mara nyingi ni kadi ya mtandao, kipanya, au ratiba ya usasishaji. Kadi ya mtandao na kipanya vinaweza kunyimwa ruhusa ya kuamsha kompyuta katika kidhibiti vifaa, na ratiba katika mipangilio ya umeme.

Nimenunua prosesa iliyotumika na haifiki kasi iliyotangazwa. Nimeuziwa bandia?

Ifungue kwa CPU-Z kabla ya kumlaumu muuzaji. Mstari wa maelezo ukiwa na herufi ES, hiyo ni sampuli ya majaribio ya kiwandani, na sampuli hizo, hasa za Xeon, mara nyingi zina kasi ndogo kuliko prosesa iliyoingia sokoni kwa jina hilohilo. Bila ES, linganisha jina kamili herufi kwa herufi: i5-12400T si i5-12400, kwani herufi T ina maana ya wati 35 na kasi ya msingi ya gigahezi 1.8. Halafu tafuta prosesa yako katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na ubao wako kwenye tovuti ya mtengenezaji, ukiangalia pia toleo la BIOS linalotakiwa. Unaponunua mkononi, omba kuiona ikifanya kazi chini ya mzigo kwa dakika kumi ndani ya duka, HWiNFO64 ikiwa imefunguliwa, kabla ya kutoa fedha.